Nusu ya ziwa ni yetu, hewa yake hatuipimi

Kila kiangazi, kati ya Juni na Agosti, moshi hutanda juu ya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Rweya, zile nyika za nyasi za vilimani, huchomwa ili nyasi changa zichipue, mashamba husafishwa kwa moto, tanuru za matofali huwaka usiku kucha, na barabara zisizo na lami hutimka vumbi nyuma ya kila lori na kila bodaboda. Kuna asubuhi ambapo kisiwa cha Musira, kilicho mbele kabisa ya mji wa Bukoba, huonekana kama doa tu majini. Watu hukohoa, husema ni msimu wake, kisha huendelea na kazi. Ukiuliza ni kiasi gani cha moshi na vumbi kilikuwamo katika hewa waliyoivuta siku hiyo, hakuna wa kukupa tarakimu. Haitangazwi redioni baada ya taarifa ya habari wala haibandikwi kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri.

Tunasema bila kuzunguka: huu ni uzembe wa kiserikali, na una wenyewe. Mkulima wa Kamachumu hahusiki nao, wala mama anayekausha samaki kisiwani Kerebe. Wanaohusika ni wizara, mamlaka zake na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa miaka mingi wamekubaliana kwa maandishi kuhusu hewa ya pamoja bila kumpa mtu yeyote kazi ya kuyasimamia makubaliano hayo. Vifaa vipo. Wataalamu wapo. Vituo vya kupimia vimeshatuzunguka mashariki, kaskazini na magharibi. Kilichokosekana ni uratibu, na umekosekana kwa sababu hakuna ofisi iliyoagizwa kuufanya, ikapewa fungu, ikaambiwa itoe hesabu mwisho wa mwaka.

Kwanza ieleweke ni nini tunachotaka kipimwe. Chembe zinazoelea hewani, ambazo wanasayansi huziita erosoli, ni masizi ya kuni na mkaa, majivu ya nyasi, vumbi la udongo, moshi wa dizeli, chavua za mimea, na salfa inayotoka viwandani na kwenye volkano kama Nyiragongo. Zinazotia hofu zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, maarufu kwa jina la PM2.5. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kuliko zote huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa saa 24 likaweka 15. Shirika hilo linakadiria kwamba hewa chafu, ya ndani na ya nje ya nyumba, inahusika na vifo vipatavyo milioni 7 duniani kila mwaka. Kwa watoto wadogo huja kama nimonia, na kwa watu wazima kama kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu.

Sasa tazama hospitali za Muleba: Rubya, Ndolage, Kagondo. Kila moja ina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mtoto aliyefikishwa na nimonia ameandikwa humo umri wake, kijiji chake, dawa aliyopewa na matokeo yake. Muuguzi ameandika kwa kalamu, amejumlisha mwisho wa mwezi, na taarifa imepanda wilayani, mkoani hadi wizarani. Upande huo wa hesabu umefanyiwa kazi kwa uaminifu na watu wenye mishahara midogo. Upande wa pili, wa hewa aliyoivuta mtoto huyo wiki iliyotangulia, hauna kitabu kabisa. Daktari anaweza kuhisi kwamba vitanda hujaa rweya zikiwaka. Kuthibitisha hawezi, na bila uthibitisho hana la kupeleka kwenye kikao cha bajeti.

Wenzetu wamefika wapi? Mbita, kwenye mwambao wa Kenya wa ziwa hili hili, katika kampasi ya kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE yenye jina la Thomas Odhiambo, kumekuwa na kituo cha mtandao wa AERONET wa kupima erosoli, unaoratibiwa na NASA, tangu miaka ya 2000. Huko huko Mbita wameanza pia kupima kinachoshuka na mvua, kupitia mtandao wa INDAAF wa kupima kemia ya mvua na vumbi barani Afrika. Mlima Kenya una kituo cha Mpango wa Dunia wa Kufuatilia Angahewa tangu 1999, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,600. Rwanda, ikishirikiana na chuo cha MIT cha Marekani, imejenga kituo cha kuchunguza hali ya hewa juu ya mlima Mugogo. Uganda ina AirQo, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, ambao umetengeneza vifaa vyake wenyewe na kuvifunga kwenye nguzo, kwenye mapaa na hata kwenye pikipiki za bodaboda jijini Kampala.

Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Victoria. Uganda ina 43. Tanzania ina 51. Nchi yenye zaidi ya nusu ya ziwa ndiyo yenye mwambao mrefu usio na kipimo cha hadhi hiyo, kuanzia mpaka wa Uganda, kupitia Bukoba, Kemondo na Muleba, hadi kuikaribia Chato. Mkoa wa Kagera, wenye watu takriban milioni 3, umeachwa kama nafasi tupu kwenye ramani ambayo majirani wote wamekwisha kuweka alama zao. Tungependa kusikia kwa sauti ya nani jambo hili linatetewa.

Na nafasi hiyo tupu si mahali popote tu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo unaotawala hapa hutoka mashariki na kusini-mashariki. Moshi unaoanzia Mara, Mwanza au Nyanza huvuka maji na kutua kwetu, na wa kwetu hupanda kuelekea Karagwe, Uganda na Rwanda. Utafiti uliofanywa Mugogo na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba masizi huongezeka mlimani hapo katika vipindi viwili vya kiangazi: Desemba hadi Februari, mioto inapowaka kaskazini mwa ikweta, na Juni hadi Agosti, inapowaka kusini. Kwa mstari ulionyooka, Mbita iko kama kilomita 280 kutoka Bukoba, na Mugogo kama 250. Sisi tuko katikati ya njia. Mtafiti anayetaka kujua moshi wa kusini hubadilika vipi unapovuka ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ukikutana na mawingu yake na dhoruba zake za usiku, anakuta data upande wa kuingilia na data mbali kule milimani. Mahali pa kati panapoweza kumjibu ni Kagera.

Kuna hoja tunayoisikia mara kwa mara, tena kutoka kwa watu wenye elimu: Bukoba inanyesha sana, hewa yake ni safi, mvua huiosha. Ni kweli kwamba Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini. Hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ni kweli pia kwamba mvua huondoa chembe hewani. Swali ambalo wenye hoja hii hawaliulizi ni chembe hizo huenda wapi. Huenda ziwani.

Hapa tuna ushahidi uliokusanywa na Mtanzania. Mwaka 2005, Rashid Tamatamah, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu anayeshughulikia uvuvi, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kupima fosforasi inayodondoka kutoka hewani upande wa Tanzania wa ziwa. Walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi yote inayoingia katika Ziwa Victoria inapitia hewani, na kwamba sehemu kubwa ya hiyo hushuka ikiwa kavu, yaani vumbi na majivu, wala haingoji mvua. Fosforasi ni mbolea. Ndiyo inayolisha mwani unaogeuza maji kuwa ya kijani, na gugumaji lililolivamia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo Mto Kagera bado unalishusha kutoka juu. Mwani ukifa na kuoza, hula oksijeni, na samaki waliokwama katika maji hayo hufa.

Kwa hiyo mvuvi wa dagaa wa kisiwa cha Goziba ana mgogoro na hewa hata kama mapafu yake ni mazima. Tumetumia fedha nyingi za mikopo na misaada, awamu baada ya awamu za mradi wa kuhifadhi mazingira ya ziwa, LVEMP, kushughulika na maji taka, mito na magugu. Mlango ulioonekana kuwa mpana kuliko yote, ule wa juu, umeachwa wazi bila mlinzi, na makadirio tunayoyategemea yametokana na vipimo vya miaka zaidi ya 20 iliyopita. Tangu hapo idadi ya watu imepanda, mashamba yamepanda vilima, pikipiki zimejaa kila kijiji. Nani anajua kiwango cha leo? Hili peke yake lingetosha kumtoa waziri usingizini.

Tunafahamu jibu litakalokuja: hakuna mfumo wa kuziunganisha nchi hizi. Jibu hilo ni la uongo wa kihistoria. Ulikuwapo. Tangu 1929 Afrika Mashariki ilikuwa na idara moja ya hali ya hewa, makao yake Nairobi, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwangalizi wa hali ya hewa wa Bukoba na mwenzake wa Kisumu na Entebbe walikuwa chini ya idara moja na utaratibu mmoja. Jumuiya ilipovunjika 1977, idara hiyo ilivunjika nayo, na kila nchi ikabaki na vipande vyake. Jumuiya imerudi, mkataba wake ulisainiwa Arusha mwaka 1999. Idara ya pamoja haikurudi.

Wala si kwamba nchi hizi haziwezi tena kufanya kazi pamoja juu ya ziwa. Kati ya 2017 na 2021, mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza na kuratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziweka pamoja idara za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ili zitoe tahadhari za dhoruba kwa wavuvi. Rada ya Mwanza ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitumika. Watabiri wa nchi mbalimbali walizungumza kila siku, wakalinganisha ramani zao, wakakubaliana juu ya tahadhari. Jambo hilo liliokoa maisha, na lilionyesha kwamba mipaka haimzuii mtabiri wa Entebbe kumpigia simu mwenzake wa Mwanza. Dhoruba ilipewa waratibu, fedha na simu. Moshi haukupewa chochote.

Tena makubaliano yenyewe yapo kwenye makabati. Mwaka 2008 nchi za Afrika Mashariki zilikutana Nairobi na kukubaliana kuhusu mfumo wa kikanda wa kupambana na uchafuzi wa hewa. Mwaka huo huo nchi za kusini, Tanzania ikiwa na mguu huko pia kupitia SADC, zilikubaliana mambo ya namna hiyo Lusaka. Humo kuna ahadi za kupima kwa pamoja, kubadilishana takwimu na kuoanisha viwango. Mtoto aliyezaliwa Nshamba mwaka huo sasa ni mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura, na hajawahi kuambiwa hewa ya kijijini kwake ikoje.

Ulaya walipitia njia hii kabla yetu, na kuna jambo moja walilofanya ambalo mawaziri wetu wanapaswa kulisoma kwa makini. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Sweden waligundua kwamba maziwa yao yanakufa kwa asidi iliyotokana na moshi wa nchi nyingine. Nchi zilizotuhumiwa zilikana. Ubishi ulimalizwa na vipimo: ulianzishwa mtandao wa pamoja wa vituo, EMEP, na mwaka 1979 ukasainiwa Geneva mkataba wa hewa chafu inayovuka mipaka. Itifaki ya kwanza kabisa chini ya mkataba huo, ya mwaka 1984, haikuhusu kupunguza moshi. Ilihusu nani atalipia upimaji, na kila nchi itachangia kiasi gani, mwaka hadi mwaka. Ile ya kupunguza salfa kwa asilimia 30 ikafuata 1985. Walilipia mizani kwanza, ndipo wakaanza kudaiana. Sisi tuliandika ahadi zote mwaka mmoja na mizani hatukuilipia.

Gharama ndiyo kisingizio cha mwisho, nacho kinahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wanaokitumia aghalabu hawajaviona vifaa vyenyewe. Fotomita ya jua inayotumika katika vituo vya AERONET, iliyotengenezwa Ufaransa na kampuni ya Cimel, ni bomba jembamba lililofungwa kwenye mkono wa mashine, na yote inakaa kwenye meza ndogo juu ya paa. Kila baada ya dakika chache mkono huinuka, huelekeza bomba kwenye jua, hupokea mwanga rangi moja baada ya nyingine, na kupima ni kiasi gani cha kila rangi kimepotea njiani. Kilichopotea ndicho kinachoeleza wingi na ukubwa wa chembe zilizoko kati ya paa na anga za juu. Tone la mvua likigusa kihisi, mkono hujiinamisha ili kioo kisilowe. Umeme wake hutoka kwenye paneli ndogo ya sola. Adui yake mkubwa wa kila siku ni buibui, ambao hupenda kutanda ndani ya bomba, na mhudumu wake anatakiwa kupanda juu ya paa, kuchungulia na kusafisha. Bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya rada moja.

Kifaa hicho peke yake hakitoshi Bukoba, na tusidanganyane. Jua likijificha nyuma ya wingu hakipimi kitu, na mawingu ya Bukoba tunayajua. Inahitajika pia mashine inayovuta hewa ya chini kupitia kichujio cheupe kwa saa 24. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, kwa mizani nyeti kiasi kwamba chumba chake lazima kidhibitiwe joto na unyevu, na baadaye hupelekwa maabara kuchambuliwa kama weusi wake ni wa kuni, wa dizeli au wa udongo. Vihisi vya bei nafuu, kama vile vya Kampala, vinaweza kutapakazwa vijijini kwa wingi, lakini navyo vina udhaifu: hutumia mwanga wa leza kuhesabu chembe, na penye unyevu mwingi chembe hunyonya maji, huvimba, na kihisi hutoa tarakimu kubwa kuliko ukweli. Lazima viwekwe kwa wiki kadhaa kando ya mashine ya uhakika ili makosa yao yajulikane na kusahihishwa. Fotomita nayo husafirishwa kila baada ya mwaka mmoja hivi hadi maabara ya uhakiki, kama ile ya NASA ya Goddard huko Maryland.

Hapo ndipo neno uratibu linapopata uzito wake. Nchi moja moja ikinunua vifaa vyake, ikavifunga kwa namna yake na kuvihakiki inapokumbuka, tarakimu za Bukoba haziwezi kuwekwa kando ya za Mbita na kulinganishwa. Lazima awepo mtu anayejua kifaa gani kiko wapi, kipi kimepelekwa uhakiki, kipi kinachukua nafasi yake kwa muda, kipi kimezuiliwa bandarini kwa kusubiri kibali cha msamaha wa ushuru, na fundi gani wa Muleba amehama bila kufundisha mrithi. Ni kazi ya ofisini, ya simu na jedwali. Bila kazi hiyo, vifaa vya mamilioni hugeuka kuwa viota vya ndege juu ya paa.

Wala tusikae tukingoja wafadhili watupimie. Kwa miaka kadhaa ubalozi wa Marekani jijini Kampala ulikuwa na kifaa kilichotangaza hali ya hewa kwa kila mtu mwenye simu. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha utangazaji wa takwimu hizo kutoka balozi zake duniani kote kwa sababu za kifedha. Kampala haikubaki gizani kwa sababu Makerere walikuwa wameshajenga mtandao wao. Tukijiuliza ni nini kingetokea Bukoba kwa namna hiyo, jibu ni kwamba hakuna kilichokuwapo cha kuzimwa.

Kagera haina upungufu wa watu wa kazi hii. Vijiji vya Muleba ndivyo vilivyobeba jaribio la vyandarua vyenye kiambata cha PBO, lililoongozwa na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi na chuo cha afya cha London. Kutokana na matokeo yake, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike pale mbu walipojenga usugu dhidi ya dawa. Watoto walipimwa damu, nyumba zilihesabiwa, mbu walinaswa usiku, kwa uangalifu uliokubaliwa na jarida la The Lancet. Wilaya iliyoweza kupima malaria kwa kiwango hicho inaweza kupima moshi. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga kampasi mkoani Kagera kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET. Chumba cha mizani na maabara ya vichujio viwe sehemu yake.

Tuna hofu moja, na tunaiweka mezani mapema. Takwimu zikianza kupatikana, wapo watakaozitumia kuwafukuza wanyonge. Mama wa kisiwani anayebanika sangara juu ya moto wa magogo, macho yakimtoka machozi tangu alfajiri, ndiye anayevuta moshi mwingi kuliko mtu yeyote mkoani. Mvuvi aliyekesha na karabai anarudi mwaloni na masizi puani. Wapikaji wa shule wanaochemsha ndizi na maharage juu ya mafiga ndani ya banda lisilo na dirisha wako katika hali hiyo hiyo. Hao ndio wa kulindwa kwanza. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini mitungi ya gesi na majiko yakigawiwa Muleba leo, kwa kipimo gani tutajua baada ya miaka 5 kwamba hewa ya jikoni na ya kijiji imebadilika? Kwa idadi ya mitungi iliyopigwa picha? Tunakataa kipimo hicho.

Sheria haina kigugumizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitoka 2007. Viwango hivyo haviwezi kusemwa vimevunjwa wala vimetimizwa Kagera, kwa kuwa hakuna anayepima. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina dhamana ya utekelezaji. TMA, iliyofanywa mamlaka kamili kwa sheria ya 2019, ina vituo, waangalizi na nidhamu ya kuandika vipimo kila saa. Kati ya hao wawili jambo hili limeanguka, kila mmoja akiamini ni la mwenzake. Waziri mwenye dhamana ya mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais na waziri anayesimamia TMA wakae chumba kimoja na watoke na waraka wenye saini mbili: TMA ipime, NEMC itumie vipimo hivyo kuchukua hatua, na takwimu zitolewe kwa umma siku hiyo hiyo bila kuombewa kibali.

Kwenye ngazi ya Jumuiya, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ndiyo yenye kustahili kubeba mtandao huu, na Baraza la Mawaziri la Jumuiya liiagize rasmi. Iwe na mratibu anayejulikana, maabara moja ya uhakiki ndani ya ukanda ili vifaa visisafiri hadi Maryland kila mara, utaratibu mmoja wa kuondoa ushuru kwa vifaa vya kisayansi vinavyovuka mipaka ya Mtukula, Rusumo na Isebania, na mchango wa lazima wa kila nchi, kwa mfano wa ile itifaki ya 1984. Tanzania, kwa asilimia zake 51, ianze kwa kulipa fungu kubwa na isingoje kusihiwa. Kituo cha kwanza kiwe kwenye kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Bukoba, cha pili kwenye uwanda wa juu wa Kamachumu, na cha tatu kisiwani Goziba, ambako upepo wa mashariki hufika kabla haujagusa moshi wetu. Mbita washirikishwe tangu siku ya kwanza, maana wana uzoefu wa miaka mingi, na Makerere waombwe vihisi vyao pamoja na mafundi wa kutufundisha kuvitunza.

Yote haya yanaweza kuingizwa katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao, na mashine za kwanza zikawa zinafanya kazi kabla ya rweya kuanza kuchomwa kiangazi kitakachofuata. Wabunge wa majimbo ya Bukoba na Muleba wasisubiri semina. Wasimame bungeni na kuuliza swali la msingi: ni ofisi gani ya Jamhuri ya Muungano yenye wajibu wa kupima chembe za hewani mkoani Kagera, na itaanza tarehe gani? Jibu tunalolitaka lina jina la ofisi hiyo na tarehe yake, na liandikwe katika Taarifa Rasmi za Bunge.